"Mfumo umekataa": mashine ikikosea, nani tumshike shati?

Mwanzisha mada, Tanga

Wakuu, habari za jioni. Nina hoja naileta tuichambue, na naomba tusianze na yale ya roboti kuiteka dunia. Hayo tutayafikia muda ukibaki.

Mama yangu mdogo anauza samaki wa kukaanga hapa mjini, mwaka wa 13 sasa. Ana kauntabuku lake limeloa mafuta pembeni, humo anaandika kila anayekula kwa mkopo, na akilipa anamchora mstari juu ya jina. Mwezi wa tatu alihitaji laki tatu aongezee kwenye pesa ya friza ya mtumba. Akaomba mkopo kwa simu. Dakika haikufika, ujumbe ukaingia kwamba samahani, ombi lako halijakubaliwa. Nikapiga huduma kwa wateja nikaweka sauti kubwa ili naye asikie. Binti aliyepokea alikuwa mpole kabisa. "Mama, mfumo umekataa." Kwa sababu gani? "Mfumo hauonyeshi sababu, mama." Basi tumwone nani? Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama tuna swali lingine la kusaidiwa.

Tulipokaa kutafakari ndipo tukahisi kitu. Mwaka jana aliibiwa simu, na badala ya kurudisha namba yake akasajili laini mpya. Kwa macho ya mashine, huyu mama amezaliwa miezi minane iliyopita. Kauntabuku la miaka 13 halimo. Hata hivyo hii ni dhana yetu tu, hakuna aliyetuthibitishia, na hilo ndilo lililonikera kuliko kunyimwa kwenyewe. Kunyimwa amezoea.

Sasa, akili mnemba (AI) inazungumzwa kama mgeni anayekuja kesho. Kenya, huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, kompyuta tayari ilikuwa inapima nani anakopesheka kwa kuangalia anavyotumia simu yake. ChatGPT ilitoka Novemba 2022. Kwa hiyo kwa miaka kumi kabla ya watu kuanza kushangaa mashine inayoandika barua, muuza samaki alishakuwa anahukumiwa na mashine bila kuitwa kwenye kesi.

Msinielewe vibaya, mimi si mpinzani wa teknolojia. Kuna programu inaitwa Nuru, ya mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na watafiti wa IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo, na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Unaelekeza simu kwenye jani la muhogo, inakwambia kama ni ugonjwa wa batobato au wa michirizi ya kahawia, tena bila intaneti. Picha za kuifundishia zilipigwa kwenye mashamba ya utafiti nje ya Bagamoyo, picha 2,756 kwa ule utafiti wa 2017. Baba mdogo Muheza nilimwonyesha. Akashika simu juu ya jani, akasoma, akanirudishia: "Batobato. Hata mimi nilikuwa nimeshaiona." Lakini jani la pili hakuwa na hakika nalo, na hapo alichuchumaa dakika nzima anahamisha simu huku na huku. Watafiti wenyewe waliandika baadaye kwamba shambani uwezo wake ulishuka kuliko kwenye picha za majaribio, hasa ugonjwa unapokuwa bado mchanga. Sawa. Ikikosea, baba mdogo yupo shambani, ana macho yake, ana jirani wa kumuuliza. Mama mdogo hana hata mlango wa kugonga.

Msimamo wangu: uamuzi wowote wa mashine unaomgusa mtu moja kwa moja, awe anaomba mkopo, kazi au matibabu, au anakamatwa na polisi, uwe na binadamu mwenye jina na ofisi wa kuujibia. Akikosekana, uamuzi usihesabike. Karibuni mpinge.

Mwalimu, Dodoma

Napinga, mkuu, na sitazunguka. Binadamu mwenye jina na ofisi ndiye aliyeninyima mkopo 2009. Alikuwa na meza, kalamu mbili na kikombe cha chai. Alitaka hati ya nyumba, nikasema nimepanga, akatabasamu. Nilirudi mara nne. Mara ya nne akanipa kwa ujanja ile lugha ya "tusaidiane". Unayajua.

Mashine haiombi chai. Haikuulizi kabila wala haitazami viatu. Huyo mama mdogo wako, kabla ya simu, angevuka kweli kwa mlinzi wa benki na ndoo yake ya samaki? Tusiisifie dunia ya zamani kwa sababu ilikuwa na sura ya mtu. Sura ile wengi wetu tuliikimbia.

Darasani kwangu watoto wanaandikiwa insha na mashine, ndiyo, nawakamata kila wiki. Wanajisahau: mtoto wa kidato cha pili ananiletea "aidha, ni muhimu kutambua kwamba" mara sita kwenye ukurasa mmoja. Hilo ni tatizo langu mimi mwalimu, nimelitatua kwa kuwaandikisha darasani kwa kalamu. Sikuhitaji kamati.

Mchangiaji, Nairobi

Kwanza salamu kutoka huku. Nyinyi mnasema akili mnemba, sisi wengi twasema akili unde, na wapo wa akili bandia. Jina bado linatafutiwa nyumba.

Mwalimu, nakubali mashine haiombi chai. Lakini usiseme haina watu. Januari 2023 jarida la Time lilieleza kazi iliyofanywa hapa Nairobi: kampuni ya OpenAI, wenye ChatGPT, iliipa mkataba kampuni ya Sama, na vijana wa Kenya wakasoma siku nzima maandishi ya ubakaji, mauaji na unajisi wa watoto, wakiyawekea alama ili mashine ijifunze kuyakwepa. Mkononi walipokea kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Ile adabu ya ChatGPT inayosifiwa, kuna mtu wa Nairobi aliyesoma uchafu wote ili wewe usiusome.

Na hapa ndipo hoja ya mwanzisha mada inanigusa. Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini, alikuwa akichuja maudhui ya Facebook akiwa hapa, ameajiriwa kupitia Sama. Alipofungua kesi 2022 kulalamikia kazi hiyo, Meta, wenye Facebook, ikasema mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake, na yeye si mwajiriwa wake. Sama nayo ilikuwa mkandarasi tu. Umeona? Kazi ilikuwa ya fulani, kiti ni cha fulani, na lawama haina mwenyewe. Imechukua hadi Septemba 2024 Mahakama ya Rufani kusema kwamba Meta inaweza kushtakiwa hapa. Wachujaji wengine zaidi ya 140 walishapimwa na kukutwa na msongo mkali unaofuata kiwewe. Mimi sidhani majina hupotea kwa bahati mbaya kwenye mambo haya. Yanapotezwa kwa mikataba.

Mtaalamu wa mionzi, hospitali ya wilaya

Nichangie kwa ninachokijua, nirudi zamu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu za kompyuta zitumike kusoma picha za kifua katika uchunguzi wa kifua kikuu, kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, hata mahali ambapo hakuna daktari wa kusoma picha. Na mahali hapo ndipo tulipo wengi. Picha inapigwa, mashine inatoa alama, ikivuka kiwango mlichokiweka mgonjwa anapelekwa kutoa makohozi.

Angalieni jinsi lilivyopangwa. Mashine haimwambii mtu una TB. Inasema huyu mpimeni. Jibu linatoka maabara, na fomu ina sahihi. Ila na mimi nina wasiwasi wangu: yule ambaye mashine imempa alama ndogo anarudi nyumbani, na hakuna fomu yenye sahihi inayosema nani kamrudisha. Tukikosa mtu, tunamkosa kimyakimya. Kwa hiyo mwanzisha mada yuko sahihi nusu. Daktari aliyechoka naye huwakosa watu kimyakimya, tusidanganyane.

Mchangiaji asiye na subira

Mnahangaika na laki tatu wakati Geoffrey Hinton, mzee aliyeisaidia kuizaa hii kitu, aliondoka Google Mei 2023 ili aweze kusema wazi kwamba anaiogopa. Mwaka 2024 akapewa Nobel ya fizikia. Mwaka huohuo nusu ya Nobel ya kemia ikaenda kwa Demis Hassabis na John Jumper kwa mashine yao inayobashiri maumbo ya protini. Yaani teknolojia ileile, mmoja anaililia, mwingine anatengenezea dawa. Hilo ndilo la kujadili!

Mwanzisha mada, Tanga

Mkuu usiye na subira, nilisema muda ukibaki. Haujabaki.

Mwalimu, umenichapa, nakiri. Mama mdogo mwenyewe aliposikia hoja yako alicheka, akasema yule wa benki wa zamani alikuwa anamwita "wewe wa samaki". Lakini hebu tazama: 2009 ulijua nani kakunyima. Ulijua anataka nini, ingawa ni uchafu. Ulirudi mara nne kwa sababu kulikuwa na mahali pa kurudi. Upendeleo wa mashine upo vilevile, tofauti ni kwamba hauna pua ya kuushikia. Watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipopima programu za kutambua jinsia kwa sura mwaka 2018, kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8, na kwa wanawake weusi kosa lilifika asilimia 34.7. Hakuna aliyeomba chai hapo. Na Januari 2020 polisi wa Detroit walimkamata Robert Williams mbele ya mkewe na mabinti zake kwa sababu kompyuta ilifananisha sura yake na ya mwizi wa saa. Akalala rumande. Ila yeye alikuwa na wa kumshika shati: aliishtaki manispaa, na 2024 wakamalizana naye kwa dola 300,000 pamoja na masharti mapya kwa polisi.

Sheria kwetu zipo. Kenya wana ya ulinzi wa data ya 2019, kifungu cha 35 kinazungumzia hasa maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni, zile za kausha damu zinazompigia simu mjomba wako ukichelewa. Vizuri. Ila niambieni, mama wa samaki anayedai maelezo ya laki tatu aanzie dirisha gani, na nauli ya kwenda Dodoma atoe wapi? Ningependa kifungu kidogo tu: ujumbe wa kukataliwa uje na sababu kwa Kiswahili, na namba ya mtu mwenye ruhusa ya kuubatilisha. Asiwe wa kusoma kioo.

Friza ameipata, mliouliza. Kikoba chao kilimkopesha. Mweka hazina aliomba aone kauntabuku, akafunua kurasa tatu, akauliza huyu mzee wa bandarini mbona hajalipa tangu Ramadhani, basi.

Mwalimu, Dodoma

Hongera kwake. Lakini usinijie na vikoba. Mweka hazina wetu alitoroka na sanduku Desemba, siku mbili kabla ya kugawana. Mtu mwenye jina, ofisi na kitambulisho cha taifa.

Mwanzisha mada, Tanga

Pole sana, mwalimu. Mlimpata?

Mwalimu, Dodoma

Tulimfuata kwao Kondoa. Watu wanane kwenye Noah moja. Alikuwa amerudisha karibu nusu tulipofika kwa mjumbe, nyingine bado tunadaiana.