Nina stika halali ya chuo na bado gari imevutwa Jumamosi ya mpira. Mlioko Marekani naombeni ushauri

Kijana_wa_Mwanjelwa

Habari zenu wakuu. Nipo mwaka wa kwanza masters kwenye chuo kimoja majimbo ya katikati huku Marekani, nimeingia Agosti. Chumba nilichopata kiko maili 7 kutoka chuo, basi la mwisho linapita saa 1 na nusu usiku na mimi maabara natoka saa 4, siku nyingine saa 5, kwahiyo nikajichanga nikanunua Corolla ya 2009 na nikalipia stika ya paking ya mwaka mzima dola 380, eneo la kupaki linaitwa loti C. Nikajua nimemaliza hilo tatizo.

Kwanza hiyo loti C ikifika saa 2 na robo asubuhi imejaa, unazunguka nusu saa nzima unamfuata mtu anayetembea na funguo mkononi kumbe anaenda tu kuchukua begi anarudi darasani. Hilo nilishalizoea.

Sasa Ijumaa iliyopita niliingia maabara saa 11 jioni, nilikuwa na sampuli kwenye inkubeta zinatakiwa kusomwa kila baada ya masaa mawili, nikalala palepale kwenye kiti. Natoka saa 12 asubuhi, baridi kali, nafika pale nilipoacha gari nakuta hema jekundu, jenereta linanguruma na watu wazima wanachoma soseji. Nikazunguka loti mara tatu nikijua nimekosea mstari. Mzee mmoja akaniona nimechanganyikiwa akanipeleka kwenye nguzo, kuna kibao kidogo nusu kimefunikwa na tawi, kinasema timu ya chuo ikicheza mpira wa Kimarekani nyumbani, loti iwe tupu ikifika Ijumaa saa 4 usiku.

Kuvuta dola 210, kulaza yadi (wanakoweka magari yaliyovutwa) dola 35 kwa siku na Jumapili wamefunga so ni siku mbili, halafu tiketi ya faini ya chuo 75. Jumla 355. Hiyo kwangu ni chakula cha mwezi na nusu, na nyumbani nilishaahidi ada ya mdogo wangu. Naomba kujua mambo matatu: rufaa inasaidia au napoteza muda? Hii kitu inagusa viza yangu ya mwanafunzi, ile ya F-1? Na hii stika nibaki nayo au nirudishe?

Binti_wa_Pongwe

Pole sana mdogo wangu, na usijilaumu, hakuna aliyetoka Mbeya akajua kwamba mechi ya wanafunzi inaweza kuhamisha magari ya kampasi nzima. Watu wakisema mechi ya chuo sisi tunawaza kiwanja cha nyasi na mabenchi mawili. Uwanja wa chuo cha Michigan pale Ann Arbor unachukua watu zaidi ya 107,000, wa kwetu wa Benjamin Mkapa ni 60,000. Wengi wao wanakuja na magari, na nafasi kwenye loti yako Jumamosi hiyo inauzwa kwa siku moja kwa hela nyingi kuliko unayolipa wewe kwa siku.

Fanya hivi, na ufanye leo sio kesho. Yadi kalipe kwanza uchukue gari, maana ile mara nyingi ni kampuni ya nje na hela inapanda kila siku hata kama una haki. Tunza risiti. Halafu rudi pale kwenye nguzo upige picha kibao kabla hawajakata lile tawi, piga ukiwa umesimama pale ulipopaki ili waone kwamba dereva hakioni, kisha piga kwa karibu. Angalia kwenye tiketi siku za rufaa ni ngapi, vyuo vingi wanatoa wiki moja hadi mbili tu na ikipita imepita. Andika kifupi: tarehe, saa, stika namba ngapi, kibao kilikuwaje, na uombe barua fupi ya msimamizi wa maabara kwamba usiku ule ulikuwa kazini. Usiandike habari ya ada ya mdogo wako. Najua inauma ila kamati inapima kibao na saa tu.

Na angalia imeili yako ya chuo, naomba usikasirike. Huwa wanatuma tangazo siku chache kabla ya kila mechi.

Viza usiogope. Tiketi ya paking kwa kawaida si kosa la jinai, hukukamatwa wala hukupelekwa mahakamani. Ila usiiache bila kulipa, wanaweza kufunga akaunti yako ukashindwa kusajili masomo ya semesta ijayo, na mwanafunzi wa F-1 asiposajiliwa hapo ndipo viza inaingia matatani. Ukiwa na wasiwasi pita ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, kukuelekeza ndiyo kazi yao.

Mama_Wambo_MN

Pole bro, hiyo imeniuma kabisa. Mimi niko Brooklyn Park hapa Minnesota na wakenya wenzangu wengi, nasoma nursing. Nataka kukuambia jambo moja juu ya winter kabla haijakufikia, maana ukishachoka na loti utaanza kupaki kwa barabara za mtaa ukidhani umeokoa pesa, na huko ndio watu huumia zaidi.

Minneapolis kukinyesha theluji mingi city inatangaza dharura. Usiku wa kwanza kuanzia saa tatu hadi saa mbili asubuhi huwezi paki kwa zile barabara kubwa za dharura, kesho yake mchana kwa barabara zingine upande wa nyumba za namba shufwa hauruhusiwi, siku ya tatu wanageukia upande wa namba witiri. Ukisahau ni upande upi unavutwa, na unavutwa pamoja na mamia ya watu kwa hivyo foleni ya yadi ni nusu siku ukiwa umesimama kwa baridi. Mimi nilipaki vizuri kabisa Jumanne, Jumatano nikapata gari haipo, yenye ilibaki ni umbo lake kwa theluji. Jiandikishe upate meseji za city yako. Na bomba la zimamoto likifunikwa na theluji bado ni bomba, hapa usipaki ndani ya futi 10 kutoka kwake, New York na California ni 15.

Halafu uliza kama ada yako ina pasi ya basi ndani. University of Minnesota kampasi ya hapa Twin Cities (Minneapolis na St. Paul) tangu 2022 wanafunzi wanaolipa ada ya usafiri wako na pasi ya basi na treni ndani yake, na wengine wanamaliza mwaka mzima hawajui wanaibeba.

Mzee_wa_Kariakoo

Kijana pole. Nimefika nchi hii 1994 na huo wimbo wa paking ya chuo nimeukuta na naona wajukuu wataukuta. Clark Kerr aliyekuwa mkuu wa chuo kikuu cha California enzi hizo alishasema kinachowaunganisha maprofesa wa chuo ni malalamiko yao ya paking. Na pale Berkeley mtu akishinda Nobel anapewa nafasi ya kupaki yenye kibao cha washindi wa Nobel, walianza na mshairi Czesław Miłosz mwaka 1980. Hivyo jua hiyo nafasi ina thamani kiasi gani.

Profesa Donald Shoup wa UCLA, amefariki Februari 2025, alifundisha hili jambo miaka mingi. Hoja yake ni kwamba chuo kikiuza stika nyingi kuliko nafasi, au kikiuza zote bei moja karibu na mbali, kila mtu atakimbilia palepale mlangoni na nusu saa zako za kuzunguka ndiyo bei unayolipa bila risiti. Mimi namkubali. Chuo cha Washington kule Seattle walianza pasi yao ya basi 1991, wakapandisha bei ya paking na kushusha bei ya basi kwa wakati mmoja, na watu wengi wakaacha magari nyumbani. Hiyo ndiyo chuo chako kingepaswa kufanya, na basi lipite mpaka usiku, maana wanaotoka maabara saa 5 ni nyinyi mnaojilipia wenyewe.

Kuhusu stika: nenda dirishani ofisi ya paking ukaulize kubadilisha, usirudishe. Vyuo vingi vina loti ya nje ya kampasi ambayo stika yake ni rahisi na kuna basi la chuo linaingiza ndani. Wanakurudishia tofauti ya miezi iliyobaki.

Kijana_wa_Mwanjelwa

Wakuu nashukuru sana, dada wa Pongwe Mungu akubariki. Imeili kweli ilikuwepo, ilitumwa Jumatano, ilikuwa kwenye folda ya matangazo ambayo sijawahi kufungua.

Picha nilipiga Jumatatu, rufaa nikatuma Jumanne, leo wamejibu: tiketi ya 75 wameifuta sababu ya kibao, hela ya kuvuta wamesema haiwahusu. Stika nimebadilisha, loti ya nje ni dola 140 kwa mwaka, wamenirudishia 190. Basi la kuingia ndani linatembea hadi saa 6 usiku, nimelipanda jana, dakika 11 mpaka mlango wa maabara.

Mama Wambo hizo meseji za theluji nimejiandikisha. Nina swali tu, gari ikiwa loti ya nje na theluji ikinyesha usiku nani anasafisha, ni wao au natakiwa kununua koleo?

Mama_Wambo_MN

Njia za loti watasafisha wao, yenye iko kwa gari yako na mbele ya tairi ni yako. Nunua koleo mwezi huu, kukianza kunyesha zinaisha kwa maduka.