Naomba ushauri: mashindano ya roboti kwa watoto wa msingi

Hamjambo wenzangu. Mimi ni mlezi wa klabu ya roboti katika sekondari moja hapa Tudor, Mombasa. Vijana wangu wanataka kuwaandalia wadogo zao wa shule za msingi mashindano ya siku moja, kwa mtindo wa FIRST LEGO League, yale mashindano ya kimataifa ya watoto wanaounda roboti za LEGO: roboti inajiendesha yenyewe kwa dakika 2 na nusu, juu ya meza ya takriban mita 2.4 kwa 1.2.

Meza si tatizo, seremala wa Majengo ashatupa bei. Kinachoniumiza kichwa ni waamuzi. Vijana wanataka kuamua wenyewe, nami naliunga mkono hilo, ila baadhi ya washindani ni ndugu zao wa tumbo moja! Mzazi akilalamika nitamjibu nini? Niwachanganye na walimu wa nje, au kila meza iwe na waamuzi wawili?

La pili, ukumbi una madirisha makubwa upande wa jua, na vitambuzi vya rangi vya roboti huchanganyikiwa mwanga ukibadilika. Pazia zitatosha, au tuanze saa 1 asubuhi? Wa Likoni nao mpaka wavuke feri kwanza.

Mliowahi kuandaa, nielekezeni. Na chakula je, pilau au mahamri na mbaazi yatosha?