Usiku wa Lari: tuuite vita au mauaji?

Mjukuu wa Lari:
Hamjambo wanajukwaa. Mlango wa nyanya yangu hauna pete ya kufuli upande wa nje. Fundi akija kuweka mlango mpya, nyanya husimama hapo hapo mpaka ahakikishe. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, wapiganaji wa Mau Mau waliovamia familia za watu wa upande wa serikali ya kikoloni huko Lari, Kenya, walifunga milango kwa nje kabla ya kuwasha nyasi za paa. Yeye alikuwa na miaka tisa. Mama yake alimsukuma dirishani, na mwenyewe hakutoka.

Upande wa baba, babu alikula kiapo cha Mau Mau akakaa kizuizini miaka minne. Nilimwona mara moja akivua shati. Mgongo ule sijausahau. Basi mimi ni wa huku na huku. Mwezi uliopita, kwenye mahari ya dada yangu, mzee mmoja aliuliza mama yetu ni wa kwa nani huko Lari. Akajibiwa. Aliweka kikombe chini, na chai ile hakuigusa tena.

Swali langu: mtu akipigania haki yake kabisa, je, kila alichofanya njiani nacho ni haki? Tafadhali msinijibu kwa hotuba za Mashujaa Dei.

Mzalendo57:
Poleni kwa nyanya. Ila hadithi umeianzia usiku, mimi naianzia Tigoni, karibu na Limuru. Wakikuyu waling'olewa pale ili walowezi Wazungu wabaki na ardhi, na chifu Luka akakubali kuhamia Lari wakati wenzake wanakataa. Hasira hiyo ilikaa zaidi ya miaka kumi. Halafu baada ya moto, homgadi, yaani wanamgambo Waafrika wa serikali ya kikoloni, na askari waliwaua wangapi kulipiza kisasi? Hao hawana hata anayewauliza. Walowezi waliouawa wakati wote wa hali ya hatari iliyotangazwa na Waingereza ni 32. Walionyongwa na serikali ni 1,090, wengine kwa kukutwa na risasi tu. Nani amfundishe nani maadili?

Mwalimu Mstaafu:
Mzalendo, takwimu zako sina ugomvi nazo. Lakini umejibu swali la mtu mwingine. Mtoto wa miaka tisa hakukubali kuhama Tigoni kwa niaba ya yeyote, na wengi waliokufa usiku ule walikuwa wanawake na watoto.

Nimefundisha historia miaka 31, na hapa ndipo nilipokuwa nakwepa. Naandika ubaoni "sababu za Mau Mau", napangusa, naandika "matokeo". Katikati napita mbio.

Kilichonifungua macho ni Afrika Kusini. Umkhonto we Sizwe, jeshi la chama cha ukombozi cha ANC, walipoanza Desemba 1961 walilenga nguzo za umeme na ofisi za serikali, wakikwepa kumwaga damu. Mwaka 1983 bomu lao likalipuka Church Street, Pretoria, watu 19 wakafa. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipotoa ripoti yake 1998 ilisema mambo mawili pamoja: utawala ule wa ubaguzi wa rangi ulikuwa jinai dhidi ya binadamu na kuupinga ni halali, lakini baadhi ya matendo ya wapiganaji yalivunja haki za watu. ANC walikimbilia mahakamani kuizuia ripoti isitoke, wakashindwa. Mimi nasimama na tume. Msituni waliingia kwa haki. Mlango uliofungwa watoto wakiwa ndani, huo siutetei.

Binti Kilwa:
Sisi Tanganyika tulipata uhuru bila risasi, na huwa tunajisifu sana. Tunasahau Maji Maji. Tunasahau pia kwamba FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, iliundwa hapa hapa Dar es Salaam, 1962. Bunduki hatukuzishika, ila zilipita nyumbani kwetu.

Mzalendo57:
Mwalimu, tume huketi vita vikiisha. Msituni hakuna tume.

Mwalimu Mstaafu:
Msituni kulikuwa na viapo, mzee, na kanuni, na adhabu kwa aliyezivunja. Usiwafanye wale watu wajinga ili uwatetee.

Mjukuu wa Lari:
Asanteni. Jioni nilimsomea nyanya majibu yote. Kwa Mwalimu alinyamaza. Kwa Mzalendo alisema, "Mambo ya Tigoni ni kweli," kisha akaongeza kwamba baba yake alikuwa miongoni mwa waliomfuata chifu, na kule Lari alipata shamba kubwa kuliko la mwanzo. Miaka yote hii sikuwahi kulisikia hilo. Nikabaki namtazama. Akaniuliza kama kuku wamefungiwa.