Vyombo vya chai ya asubuhi kwa matumizi ya kila siku: udongo, kioo au melamini?

ChunoJikoni

Salaam wadau wa Kusini. Nataka kubadilisha vyombo vya chai ya asubuhi, vile vya kila siku; vya wageni vibaki kabatini. Nyumba ni ya watu sita hapa Mtwara mjini, wakiwemo watoto wawili wa miaka 4 na 7. Asubuhi kuna chai ya rangi au ya maziwa, siku nyingine uji wa dona au wa muhogo, na vitafunwa vya kwetu: mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu, vitumbua, chapati, ming'oko (viazi vya porini) ikiwa msimu wake. Mara mojamoja mbaazi za nazi. Kipindi cha joto tunakunywa juisi ya embe au ya ukwaju.

Vyombo vinaoshwa uani kwenye beseni na kuanikwa kichanjani. Maji ni ya kisima, magumu, sabuni haitoi povu vizuri.

Naomba kujua: sahani na mabakuli yawe ya udongo, ya melamini, au zile nyeupe za kioo? Kwa nini glasi hupasuka kitako ukimimina chai, hata zile nene zinazoonekana imara? Na ninunue vipande vingapi, vya ukubwa gani? Nimeshauriwa kuagiza seti ya vipande 32 kutoka Kariakoo.

Bilauri_Lindi

Dada, huo unene ndio unaozipasua. Chai ikimiminwa, upande wa ndani wa kitako unapata moto na kutanuka papo hapo, huku upande wa nje ukiwa bado wa baridi. Kioo kinapitisha joto polepole, kwa hiyo kitako kikiwa kinene tofauti ya joto kati ya ndani na nje inakuwa kubwa zaidi, na upande wa nje unavutwa mpaka unaachia. Glasi nyembamba ya kawaida huvumilia chai kuliko nene ya kawaida, ila haivumilii kugongwa.

Kwa chai ya kila siku tafuta glasi ngumu. Hii kiwandani hupashwa moto mpaka takriban nyuzi 600 kisha hupulizwa hewa ya baridi kwa ghafla. Uso unaganda kwanza, kiini kinapoa baadaye kikiuvuta, na uso unabaki umebanwa muda wote. Ili ipasuke, joto au kishindo lazima kwanza kishinde mbano huo. Duralex ya Ufaransa ndiyo maarufu kwa aina hii, na wenyewe wanatangaza kwamba inavumilia mabadiliko ya ghafla ya nyuzi 130. Jina lake limechomoza kitakoni pamoja na namba. Namba hiyo ni ya kalibu iliyotumika, haihusiani na ubora wala ujazo.

Tahadhari: umbo lake limeigwa sana, na kwa macho huwezi kutofautisha glasi iliyokazwa na isiyokazwa. Kama kitakoni hakuna jina unaloliamini wala boksi halina neno "tempered", ichukulie kuwa ni ya kawaida. Hiyo ya kawaida bado inafaa kwa juisi. Ukilazimika kuinywea chai, mimina kidogo cha kufunika kitako, izungushe glasi ili moto ufike kotekote, hesabu mpaka kumi, ndipo ujaze. Kijiko cha chuma kikiwa ndani kinasaidia pia, kwa sababu kinachukua sehemu ya joto la kwanza.

Zipo pia glasi za borosiliketi, nyembamba na nyepesi mno, mara nyingi zikiwa na mkono wa kioo. Zinatanuka takriban theluthi moja tu ya kioo cha kawaida, hivyo chai ya moto haiziwezi. Lakini ukingo wake ni mwembamba, na beseni la uani lenye vyombo vilivyorundikana litazimaliza. Za kwako ziwe glasi ngumu.

Kauri_Mikindani

Mimi niseme kuhusu udongo, maana dukani kila kitu kinaitwa "udongo" wakati tofauti ni kubwa.

Geuza sahani au bakuli. Ule mduara linaoukalia huachwa bila utando wa kioo, yaani ule mng'aro unaofunika udongo, na hapo ndipo unauona udongo wenyewe. Lowesha kidole, weka tone la maji, subiri dakika moja. Tone likinywewa na kuacha doa jeusi, huo ni udongo uliochomwa kwa moto mdogo. Likibaki limesimama juu, udongo umeiva. Usipuuze jaribio hili hata kama muuzaji anaharakisha. Udongo usioiva hunywa maji ya kuoshea kila siku kupitia mduara ule na kila palipomeguka. Ukinywa maji unavimba kidogo, utando wa juu hauwezi kuvimba nao, matokeo yake ni zile nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Nyufa hizo zikishaingia, chai na mbaazi zinaacha rangi humo na harufu haitoki tena. Ukingo wake nao humeguka upesi.

Halafu ligonge. Tundika kikombe kwenye kidole kwa mkono wake, kigonge na kalamu. Kizima kinalia na mlio unabaki kidogo. Chenye ufa kinatoa mlio mfu. Kikombe chenye ufa usioonekana kitaachia mkono siku kimejaa chai, kwa hiyo gonga kila kimoja, usigonge kimoja ukalipia sita. Kama unataka kauri yenyewe, ule udongo mweupe uliochomwa kwa moto mkali, washa tochi ya simu nyuma ya sahani na upitishe kidole katikati: kivuli cha kidole kikionekana upande wa pili, ni kauri.

Maua na rangi: pitisha ukucha. Ukihisi mchoro umepanda juu, rangi imewekwa juu ya utando na itachubuka. Rangi nyekundu, ya machungwa na ya njano zinaweza kuwa na metali za sumu, risasi au kadimiamu, na vitu vichachu kama ukwaju, ndimu na embe ndivyo vinavyozitoa. Kwa hiyo ndani pawe peupe, mapambo yaishie nje. Ukingo wa dhahabu hauna kazi kwenye vyombo vya kila siku. Unafutika, na kwenye maikrowevu unatoa cheche.

Sahani zile nyeupe za kioo, nyepesi, ndizo ningekuchagulia kwa vitafunwa. Hazina vinyweleo, mafuta ya vitumbua yanatoka kwa sabuni kidogo hata kwa maji magumu, na sita zikipangwa juu kwa juu hazifiki kimo cha nne za udongo. Ubaya wake ni kwamba zikianguka sakafuni hutawanyika vipande vidogo vyenye makali, na haziwekwi jikoni juu ya mkaa hata kwa dakika moja kupasha kiporo.

LigulaNyumbani

Melamini inunuliwe kwa kazi inayoiweza: vitumbua, chapati, matunda, mihogo iliyokwisha kupoa. Uji unaotoka jikoni usiutie humo. Melamini ni plastiki iliyotengenezwa kwa kemikali mbili, melamini yenyewe na fomaldehaidi, na joto kali, hasa likiwa pamoja na uchachu, linavitoa taratibu. BfR, taasisi ya Ujerumani inayotathmini usalama wa vyakula na bidhaa, inashauri vyombo hivi visitumike kwa chakula kinachozidi nyuzi 70. Uji uliopakuliwa sasa hivi unapita hapo, chai pia. Maikrowevu ni marufuku kabisa.

Angalia na uchakavu. Sahani ikipoteza mng'aro, ikawa na mikwaruzo ya kisu au madoa ya chai yasiyotoka, uso wake umekwisha. Igeuze ya kuwekea vitunguu. Na stilwaya isiiguse kamwe, dodoki laini linatosha.

ChunoJikoni

Asanteni sana, hapa nimepata vitu ambavyo dukani hakuna anayevisema. Vikombe vya bati vyenye rangi nyeupe na ukingo wa buluu je, kwa watoto? Havivunjiki. Na bado naomba idadi na vipimo.

Bilauri_Lindi

Bati kwa watoto hapana, angalau si kwa chai. Chuma kinapitisha joto moja kwa moja mpaka ukingoni, mtoto anaungua mdomo kabla chai haijafika ulimini. Ule weupe wenyewe ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma kwa takriban nyuzi 800. Kikombe kikianguka hakivunjiki kweli, ila kioo kinabanduka, na kwa hewa ya chumvi ya pwani kutu linaingia mapema. Kikibanduka ndani au ukingoni, kitoe kwenye chakula, kwa sababu vipande vidogo vinaendelea kutoka. Kwa maji ya kunywa hakina neno kikiwa kizima.

Mtoto wa miaka 4 mpe kikombe cha stili chenye kuta mbili na mkono, au bakuli na kikombe cha plastiki chenye namba 5 ndani ya pembetatu chini yake. Hiyo ni polipropilini, inavumilia uji wa moto bila kulegea. Plastiki ya namba 1, ile ya chupa za maji, usiitie kitu cha moto. Wa miaka 7 anaweza kutumia kikombe cha kauri chenye mkono unaopitisha vidole vyake viwili.

Sasa vipimo. Kikombe au glasi ya chai: mililita 250, ambayo ukiijaza kwa adabu inabeba 200. Glasi ijazwe mpaka upana wa kidole chini ya ukingo, kwa sababu haina mkono na hapo juu ndipo unaposhika. Bakuli la uji: mililita 450 hadi 500, upana wa sentimita 14 hivi, lenye kina, bakuli pana sana linapoza uji na kuuwekea ngozi juu. Sahani ya vitafunwa: sentimita 19 au 20. Kwa mbaazi za nazi sahani bapa haifai, rojo inakimbia. Chukua yenye kina, sentimita 20 hadi 22.

Idadi kwa watu sita, pamoja na akiba: glasi ngumu 8, vikombe vya mkono 4, mabakuli ya uji 6 ukiacha ya mtoto mdogo, sahani bapa 8, za kina 6. Mihogo na viazi viwekwe katika sinia moja katikati au hotpoti ya lita 2 na nusu, kila mtu ajipakulie.

Chupa ya chai watu huisahau kwenye hesabu. Watu sita kwa vikombe viwili vya mililita 200 ni lita 2.4. Wengi huchukua chupa moja ya lita 3.2, ambayo ikijaa inapita kilo 3 za chai tupu bila chupa yenyewe, na mtoto hawezi kuinamisha. Chukua mbili, ya lita 1.8 kwa chai ya maziwa na ya lita 1 kwa ya rangi. Suuza kwa maji ya moto kabla ya kutia chai. Ukiona ubavu wa nje unapata joto, kioo cha ndani kimepoteza ombwe lake, ile nafasi isiyo na hewa inayozuia joto. Badilisha kioo, usitupe chupa.

Hiyo seti ya vipande 32 iache. Mara nyingi inagawanywa sahani kubwa 8, ndogo 8, mabakuli 8 na vikombe 8. Sahani kubwa za sentimita 26 utakuwa umelipia na asubuhi hazina kazi. Tena vikombe vikivunjika, vya mchoro ule huvipati tena. Nunua kipande kwa kipande, vyeupe vitupu. Mwakani ukiongeza viwili vitaoana na vya leo.

Kauri_Mikindani

Naongezea uoshaji, maana vyombo vingi vinakufia kwenye beseni. Tandika kitambaa ndani ya beseni, kitakoni. Glasi zioshwe za kwanza na peke yake, kisha vikombe, kisha sahani. Masufuria yawe na beseni lake. Mchanga na jivu la kusugulia sufuria vikibaki kwenye dodoki vinakwaruza glasi ngumu, na glasi ngumu yenye mkwaruzo uliozama inaweza kulipuka baadaye ikiwa imekaa tu kabatini. Bakuli la uji liloweke kwa maji ya baridi. Ya moto yanaugandisha wanga.

Weupe unaobaki kwenye glasi ni chokaa ya maji magumu, sabuni haiutoi. Changanya siki kikombe kimoja kwa maji vikombe vitatu, loweka dakika 20, suuza, futa kwa kitambaa kikavu. Ndimu inafanya kazi hiyo hiyo. Rangi ya chai ndani ya kikombe na ndani ya chupa inatolewa na kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda na maji ya moto, iache nusu saa.

Kichanjani, nafasi kati ya fito isizidi vidole viwili. Zaidi ya hapo glasi inalala upande na kubiringika. Glasi zikinasana moja ndani ya nyingine usizikamue: mimina maji ya baridi katika ya juu, simamisha ya chini katika maji ya vuguvugu, subiri dakika mbili, zungusha taratibu.

LigulaNyumbani

Kuhusu Kariakoo: anza na maduka ya hapa mjini, kwa sababu tone la maji na kugonga kwa kalamu huwezi kuvifanya kwa simu. Ukiagiza hata hivyo, njia ni zaidi ya kilomita 500 na mzigo unapakiwa chini ya buti, kwa hiyo mwambie muuzaji apange sahani zikiwa zimesimama kwa ukingo, zisilale. Zikilala, ya chini inabeba uzito wa zote kila basi likiruka. Kati ya kila mbili iwepo karatasi, ndani ya kila glasi karatasi iliyokunjwakunjwa, na boksi likitikiswa lisitoe sauti. Fungua boksi palepale ofisi ya basi, mbele ya wakala, kabla ya kusaini kwamba umepokea.