Yule mtabiri wa asilimia atuombe radhi watu wa mwisho wa reli

MgebukaMkavu (Kigoma):
Wakuu, salamu baadaye. Mnamjua, simtaji. Yule ambaye hata ukimuuliza kama mvua itanyesha Ujiji anakujibu "asilimia 83 nukta 4". Leo alfajiri, kikapu cha NBA, mechi ya kwanza ya fainali ya kanda, New York wanaongoza Indiana 119-105, zimebaki dakika 2 na sekunde 51, jamaa kaandika: "Imeisha hiyo. Kalaleni. Nyie wa mwisho wa reli mtaletewa matokeo na treni."

NA TRENI!

Haya, Nesmith wa Indiana kazamisha pointi tatu tatu mara sita robo ya nne peke yake. Mwenzake Haliburton karusha ya mwisho, mpira ukagonga chuma, ukapaa nusura uangukie Ziwa Tanganyika, ukarudi ukazama wenyewe. Mguu ulikuwa umekanyaga mstari, zikahesabiwa mbili, 125-125. Muda wa nyongeza, Indiana 138-135. Tena ndani ya Madison Square Garden, nyumbani kwa watu!

Na si ndiye huyu aliyetuambia Cleveland, walioshinda mechi 64 msimu mzima, watawafunga Indiana mapema waende kupumzika? Wakapigwa mechi 4-1. Radhi hakuomba. Kaja na asilimia mpya, kama muuza dagaa anayechanganya wa jana na wa leo halafu anakwambia "onja".

Treni. Mtu mzima na ndevu zake. Eti treni.

Asali_ya_Tabora:
Sasa mkuu, uongo uko wapi? Treni ikitoka Dar inapita kwetu kwanza. Matokeo tunapata sisi, nyie mnaletewa makombo 😂😂

FauloYaSita:
Tuacheni treni tuongee mpira. Pointi 14 kwa sekunde 171 ni nyingi, ila si "imeisha". Anayeongoza akila sekunde zake zote 24 za kila shambulizi na wewe ukatupa ndani ya sekunde 6, mnazunguka mara tano tu na ushee. Hapo kweli umekufa. Ndiyo maana wanafanya faulo makusudi: saa inasimama, mwenzako anapewa mitupo huru miwili, akipata mmoja na wewe ukajibu kwa tatu, umemla mbili kwa sekunde chache. Mwishoni New York walianza kupata mmoja kati ya miwili, na upande wa pili Nesmith hakosi. Mtabiri aliyetazama ubao tu bila kutazama nani anatupa na nani anafanyiwa faulo, huyo anasoma matokeo, hatabiri.

MgebukaMkavu:
Hesabu safi mkuu. Lakini kaandika TRENI.

Kibuyu:
Wewe umeonewa na treni au na New York? Mbona povu jingi?

NusuAsilimia:
Tukirudi kwa mtabiri wa asilimia: hata 97 si 100, wakuu. Mwaka 2023 ESPN, wale wa runinga ya michezo ya Marekani, waliwapa Boston asilimia 97 dhidi ya Miami, Miami wakapita 4-3. Mtu atasema zile tatu zilizobaki ndizo zimetokea, sawa. Ila fanya hesabu kinyumenyume: timu yenye nafasi ya asilimia 60 kwa kila mechi hupita mfululizo wa mechi saba kama mara 71 kati ya 100. Ili ufikie 97 lazima uwe na zaidi ya 80 kila mechi, nyumbani na ugenini. Fainali ya kanda nani ana 80 ugenini? Hapo ndipo pa kumbana mtabiri, siyo kwenye reli.

MkekaUmechanika:
Wanaolia kweli leo ni waliobeti Indiana washinde kwenye 1-X-2, yaani mwenyeji, sare au mgeni. Soko lile linahesabu robo nne tu. Zimeisha 125-125, kwa hiyo jibu ni X. Ukitaka muda wa nyongeza uhesabiwe, chagua soko lenye timu mbili bila sare. Someni kabla ya kubonyeza.

DumuLaMawese:
Subiri. Kwa hiyo Indiana kashinda na mkeka umechanika?

MkekaUmechanika:
Ndiyo mkuu. Pole.

DumuLaMawese:
Mungu wangu.

Kibuyu:
Afadhali nyie mmeiona. Huku Mwanga umeme uliondoka robo ya tatu, umerudi watu wanakunywa chai. Huyo wa umeme ndiye wa kufunguliwa uzi.

Asali_ya_Tabora:
Kwenu umerudi? Hongereni.

MgebukaMkavu:
Jamani, mada ni treni.

Asali_ya_Tabora:
Haya, tukiwa hapo hapo kwenye treni: iliyotoka Kigoma imefika wapi? Nina madumu mawili ya mawese humo, mteja ananipigia simu kila baada ya dakika tano.

FauloYaSita:
Mechi ya pili ni Ijumaa kuamkia Jumamosi, saa 9 usiku. Chajini simu mapema.

Kibuyu:
Treni iko Kaliua. Imesimama.

Asali_ya_Tabora:
Imesimama tangu saa ngapi?

Kibuyu:
Tangu Indiana wako nyuma kwa 14.