Kasuku wa marehemu baba anajinyonyoa manyoya baada ya kuletwa Dodoma, naomba ushauri

Binti wa Ipagala
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa mwenye uzoefu wa kufuga kasuku.

Marehemu baba alituachia kasuku, wale wa kijivu wenye mkia mwekundu. Alimlea Dar miaka mingi, mpaka ndege akawa anaiga kikohozi cha mzee na jinsi alivyokuwa akimwita mama. Baada ya arobaini nilimchukua mama aje kukaa kwangu hapa Ipagala, na kasuku akaja naye. Jioni mama akiisikia ile sauti anatulia kabisa, kwa hiyo mtanielewa nikisema sitaki kumpoteza huyu ndege.

Tangu upepo wa kiangazi uanze anajinyonyoa manyoya ya kifuani, sasa ngozi iko wazi. Anapiga chafya mara kwa mara na hasemi kama zamani. Chakula chake ni alizeti na karanga, ndivyo alivyozoezwa. Tundu lipo koridoni jirani na jiko, maana sebuleni watoto hawamwachi apumzike. Tunapikia gesi, ila maharage na makande ni mkaa. Maduka ya dawa za mifugo niliyouliza wanajua kuku, mbwa na ng'ombe tu. Nianzie wapi? Natanguliza shukrani.

Kijana wa Nkuhungu
Pole sana dada. Kuku wangu wakianza chafya nawawekea oksitetra, ile antibayotiki ya unga, kwenye maji, wanakaa sawa. Jaribu kidogo. Halafu huenda ni upweke tu. Kuna vijana wanapita na wale kasuku wadogo wa kijani wenye shingo ya njano, mnunulie mmoja awe mwenzake.

Mzee wa Mpunguzi
Binti, pole na msiba. Ndege huyo ametoka kwenye unyevu wa pwani akaletwa kwenye vumbi na ukavu wetu. Huku mvua ikikata Aprili, mpaka Desemba hewa ni kavu mno, ngozi ya mtu yenyewe inapasuka. Mnyunyizie maji ya uvuguvugu kwa chupa ya kupulizia, asubuhi, jua likiwa limeshapanda, ili akauke kabla ya jioni. Nyunyiza kwa juu yamshukie kama manyunyu, usimlenge usoni. Na Juni na Julai usiku baridi ya hapa si mchezo, tundu lisikae penye upepo.

Daktari wa Mifugo
Dada, nakuomba usome hii kabla hujampa dawa yoyote.

La kwanza, hamisha tundu leo hii. Usingoje kesho. Ndege hapumui kama sisi: ana vifuko vya hewa mwilini na hewa mpya inapita kwenye mapafu yake kwa mfululizo, kwa hiyo moshi kidogo ambao wewe huusikii yeye unamfikia wote. Moshi wa mkaa, udi, ubani, dawa ya mbu ya kuchoma, dawa ya kupulizia mende, vyote ni hatari kwake. Kibaya zaidi ni vile vikaango vyeusi visivyogandisha chakula. Kikisahaulika motoni kikapata joto kupita kiasi, kinatoa gesi ambayo binadamu anaweza asiihisi, kasuku akafa ndani ya muda mfupi. Kama unacho, usikitumie nyumba anayokaa ndege. Chumba kizuri kwake ni chenye dirisha, mbali na jiko, na usiku kiwe na giza na utulivu. Anahitaji kulala kwa muda wa saa kumi hadi kumi na mbili kila usiku. Kasuku anayekaa na televisheni mpaka usiku wa manane hawezi kuwa na manyoya mazuri.

La pili ni chakula, na hapa ndipo naona tatizo kubwa. Alizeti ina mafuta mengi, haina kalisi (madini ya kalsiamu) ya kutosha wala vitamini A. Kasuku wa kijivu akikosa kalisi anaweza kufika mahali pa kutetemeka na kuanguka degedege. Akikosa vitamini A, utando wa pua na koo unadhoofika, na chafya zinaanzia hapo. Karanga nazo nina hofu nazo zaidi. Wote tunakumbuka mwaka 2016 watu walivyopoteza maisha hapa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga. Sumu ile ile inaharibu ini la ndege, na kuzikaanga hakuiondoi yote. Karanga iliyosinyaa au yenye harufu ya ukungu itupe, hata kuku usimpe. Mimi ningeziondoa kabisa kwenye tundu lake.

Badala yake mpe karoti, boga, viazi lishe, papai, embe, majani ya mlonge, sukuma wiki, mtama na uwele uliochemshwa. Zabibu zetu anaruhusiwa, chache, zioshwe sana kwa sababu ya dawa za shambani. Ganda la yai lililochemshwa likasagwa linamwongezea kalisi. Atagoma mwanzoni, kasuku ni mgumu kubadilika. Usimkatie alizeti ghafla akafa njaa. Punguza taratibu huku ukimpima uzito asubuhi kwa mizani ya jikoni. Ukiona uzito unashuka mfululizo, rudi nyuma kidogo. Parachichi hapana, hata kipande. Chokoleti, kahawa, chai, pombe na vyakula vya chumvi hapana.

La tatu, oksitetra. Ndugu yangu wa Nkuhungu una nia njema, lakini usimwekee. Ukibadilisha ladha ya maji anaweza kuacha kunywa, na hujui amepata kiasi gani. Dawa hiyo pia inashikana na kalisi, ambayo tayari tunahofia amepungukiwa. Na kunyonyoa manyoya kuna sababu nyingi: ugonjwa wa ini, wadudu, ukavu, uchovu wa kukaa bure, hata majonzi. Huyu amempoteza mtu wake. Lazima apimwe.

Binti wa Ipagala
Daktari, Mungu akubariki. Tundu nimelihamishia chumba cha mama muda huu. Mama mwenyewe ana homa na kikohozi kikavu wiki hizi, anasema ni vumbi. Je, inaweza kuhusiana?

Daktari wa Mifugo
Basi lihamishie chumba kingine, mama asilale na ndege mpaka wote wawili wapimwe. Kuna ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa kasuku kwenda kwa mtu kupitia vumbi la kinyesi na manyoya. Unaanza kama mafua makali, unaweza kuwa nimonia. Mpeleke mama hospitali na umwambie daktari waziwazi kwamba nyumbani kuna kasuku anayepiga chafya. Wasipoambiwa hawawezi kulifikiria. Ukigundulika mapema unatibika vizuri. Wewe ukisafisha tundu, lowanisha kwanza karatasi za chini ndipo uzikunje, vaa barakoa, nawa mikono. Usifagie pakavu.

Mama Chamwino
Naongezea: kama una kuku uani, vyombo vyao visichanganywe na vya kasuku. Mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ukipita unaweza kumpata naye.

Mlinda Pori
Dada, swali langu ni kibali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayemiliki mnyamapori. Kasuku wa kijivu tangu Januari 2017 yupo kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, baada ya kukamatwa porini kupita kiasi. Kama mzee alikuwa na karatasi, nenda nazo kwa afisa wanyamapori, pamoja na cheti cha kifo, uombe maelekezo ya kubadili jina. Kama hakuwa nazo, nenda vilevile. Ni bora wakusikie wewe ukieleza kuliko jirani.

Na wale wadogo wa shingo ya njano msiwanunue. Asili yao ni Tanzania peke yake, hasa huku katikati, na wanaouzwa kwenye maboksi wamenaswa porini. Wengi wanakufa kwa hofu kabla hata hawajapata mnunuzi. Tena unaweza kuleta ugonjwa juu ya ugonjwa.

Kijana wa Nkuhungu
Nimeelewa wakuu, sikujua hilo la kunaswa. Sasa kwa nini asiachiwe tu huru?

Mlinda Pori
Kwa sababu hapa si kwao. Kwao ni misitu yenye mvua ya Afrika Magharibi na Kati, na huku kwetu labda ukanda wa Kagera. Huyu amelishwa mkononi maisha yake yote. Ukimfungulia Ipagala atakufa njaa, au mwewe atamchukua.

Mzee wa Mpunguzi
Mpe kazi, binti. Tawi la mpera na magome yake, gunzi ulilofichia punje za mtama ndani, boksi tupu lisilo na rangi. Atang'ata hivyo aache kifua chake. Na mama akipona akae naye asubuhi barazani, jua la moja kwa moja, si la kupitia kioo. Kivuli kiwepo upande mmoja wa tundu, na asiachwe peke yake nje.

Binti wa Ipagala
Asanteni nyote. Mama tumempeleka, nilieleza habari ya kasuku, wamempiga picha ya kifua na ameanza dawa. Kasuku nimempatia nafasi ya kupimwa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Nimbebeje njiani?

Daktari wa Mifugo
Hapo umefanya vizuri. Toka alfajiri kabla ya jua kali. Tundu dogo, kijiti cha kusimamia kiwe chini, funika pande tatu kwa kitambaa chepesi, upande mmoja apate hewa. Usiweke maji ya kumwagika, weka vipande vya papai au tango. Madirisha ya gari yasimpulizie moja kwa moja. Beba karatasi yenye kinyesi cha asubuhi hiyo, andika uzito wake wa siku zote ulizompima, na ubebe kiasi cha zile karanga na alizeti alizokuwa anakula, ziwe kwenye mfuko wa karatasi, wazikague nazo.