Kompresa ya bar 300 nyumbani Kisumu: nifunge injini ya petroli au mota ya stima?

Wa_Dunga

Habari zenu wadau. Naomba ushauri kabla sijamlipa fundi.

Mimi na wenzangu tunapiga mbizi kwenye vizimba vya ngege hapa Ziwa Victoria. Tunakagua nyavu, tunashona palipotoboka, tunatoa samaki waliokufa chini. Kinachotusumbua zaidi ni hewa. Mitungi ikiisha inapakiwa kwenye lori hadi pwani ikajazwe huko, na muda wote huo kazi imesimama. Sasa tumepata kompresa ya shinikizo la juu. Imetumika lakini hali yake ni nzuri: inafika shinikizo la bar 300, inatoa lita 100 kwa dakika, na inasukuma hewa kwa hatua tatu. Iko kwangu, kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba.

Mota yake ni ya fezi tatu na kwangu kuna fezi moja. Fundi ananishawishi tung'oe mota tufunge injini ya petroli, kwamba ni rahisi na stima ikipotea hatusimami. Kununua mota ya fezi moja ni ghali zaidi. Pili, duka la vipuri wanasema oili ya injini ya gari inatosha. Tatu, ile filta ya ndani lazima iagizwe kutoka nje na bei yake si mchezo. Watakaovuta hewa hii ni vijana ninaowajua na mama zao nawajua, kwa hiyo sitaki kubahatisha. Mliowahi kuishi na mashine ya namna hii, nisaidieni.

MbiziPwani

Karibu kaka. Nimejaza mitungi miaka mingi huku Mombasa, nitakujibu kwa urefu.

Kwanza ondoa mawazo ya kompresa ya kujaza upepo kwenye tairi. Ile inaishia bar 8 au 10. Yako inaibana hewa hadi bar 300, na hewa ikibanwa hivyo hufanya mambo mawili: inapata joto kali, na inaachia karibu maji yote iliyokuwa imebeba. Ndiyo maana kuna koili za kupozea kati ya hatua moja na nyingine, na vile vikombe vya kukusanya maji chini yake. Hewa iliyojaa unyevu kwenye nyuzi 20 ina gramu 17 hivi za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Kwenye nyuzi 30 inafika gramu 30. Kisumu mchana unaijua mwenyewe.

Kwa hiyo kazi yako kubwa itakuwa kumwaga maji. Kila dakika 10 hadi 15 mashine ikiwa inafanya kazi, fungua bomba za vikombe kidogo kidogo. Kitakachotoka ni kitu cheupe kama maziwa, maji yaliyochanganyika na oili. Kikusanye kwenye chupa, usikimwage kwenye mtaro unaoelekea ziwani. Ukichelewa kumwaga, maji yanapanda hadi kwenye filta, na ile filta ya bei ghali inaharibika siku hiyohiyo.

Oili: usiweke ya gari, hata ukiambiwa ni ya daraja la juu. Oili ya gari imewekewa dawa za kazi ya injini, na ndani ya silinda yenye joto lile inaungua polepole, inaacha masizi kwenye valvu, na inaweza kuzaa kaboni monoksidi, gesi ya sumu, humo humo ndani. Tafuta oili iliyoandikwa wazi kwamba ni ya kompresa za hewa ya kupumua, na mwenye mashine zile akuthibitishie aina. Kama hujui aliyekuuzia alitumia nini, mwaga yote, angalia kama kuna masizi, ndipo uanze upya.

Otonglo2

Kuhusu filta, kuna jamaa namjua hununua pamba na mkaa, anasaga mkaa mwenyewe, anashindilia ndani ya bomba la filta. Inafanya kazi na hatumii pesa yoyote ya maana.

MbiziPwani

Otonglo2, uliza huyo jamaa anajaza nini. Wapo wanaojaza mitungi ya bunduki za upepo hivyo, na ile hewa haiingii kifuani mwa mtu. Kwa hewa ya kupumua hapana kabisa. Ndani ya filta halisi kuna chembe za kufyonza unyevu, halafu kuna mkaa uliotengenezwa kiwandani wa kunasa mvuke wa oili na harufu, na vimepangwa kwa kiasi na kwa mfuatano. Mkaa wa jikoni una vumbi linalopita hadi kwenye mtungi na kuziba kidhibiti, kile kifaa anachopumulia mpiga mbizi, akiwa chini. Na pamba iliyolowa oili ndani ya hewa moto iliyobanwa ni kutafuta moto.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui: mkaa hata ule wa kiwandani hauzuii kaboni monoksidi. Gesi hiyo inapita kama kwamba hakuna kitu. Kuna filta zenye kichocheo cha kuibadilisha, lakini kikilowa kidogo tu kinaacha kazi. Kinga ya kweli ni kutoiruhusu iingie tangu mwanzo.

NesiWaZamu

Naomba niingie hapo, kwa sababu suala la injini ya petroli linanitia hofu.

Moshi wake una kaboni monoksidi, na kompresa ikiuvuta inaingia mtungini. Gesi hiyo haina harufu wala rangi. Inang'ang'ania damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumua, EN 12021, kinaruhusu sehemu 5 tu kwa milioni. Na mtu akishuka mita 10 majini, shinikizo linakuwa karibu maradufu ya la juu, kwa hiyo hata kiasi kidogo kilichomo mtungini kinamgonga karibu mara mbili. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa. Juu ardhini mtu atakaa chini apumzike. Chini ya kizimba, kati ya nyavu, atapoteza fahamu.

Na jambo moja kwa watakaompokea mgonjwa: kile kifaa cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni asilimia 98 au 99 ilhali mtu anakufa, kwa sababu hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hii. Mpeni oksijeni safi na mwambieni daktari wazi kwamba alikuwa anavuta hewa ya mtungi.

FundiMota

Nipo Kondele hapa hapa Kisumu, kazi yangu ni mota. Kaka, nunua mota ya fezi moja. Najua petroli inavutia, lakini hesabu nyingine ni hii: Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na injini ya petroli hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Utanunua injini ya kutosha kule pwani, ukija hapa inahema. Kompresa yenyewe pia inavuta hewa nyembamba. Mtungi mtupu wa lita 12 kufika bar 200 unahitaji lita 2,400. Kwa karatasi ni dakika 24. Hapa kwetu tarajia 27 hivi, ukiongeza muda wa kumwaga maji. Usimlaumu mtu kwamba mashine imechoka.

Sasa stima. Kwa lita 100 kwa dakika, mota itakuwa ya kilowati 2.2 hivi. Ikiwa imeshika mwendo itavuta ampea 12 mpaka 14, lakini wakati wa kuwaka inaruka mara tano hadi saba ya hapo. Usiichomeke kwenye soketi ya kawaida. Ivute laini yake kutoka kwenye boksi la breka, waya wa milimita 4, au 6 kama banda liko mbali, na waya wa ardhi uliopimwa. Kabla ya kuwasha fungua bomba za maji ili ianze bila mzigo. Na pima volti jioni watu wanapopika na kupiga pasi. Zikishuka sana, jaza asubuhi, vinginevyo mota itaungua.

Kama siku moja utaingiziwa fezi tatu, funga relei ya kulinda mpangilio wa fezi, ile swichi inayokata stima fezi zikichanganyika. Nimeona mtambo wa mteja baada ya nyaya za nguzoni kurekebishwa na fezi mbili kubadilishana nafasi. Mota ilizunguka kinyumenyume, feni ikapuliza kinyume na inavyotakiwa, na kwa baadhi ya kompresa hata oili haipandi. Angalia mshale ulio kwenye kifuniko cha gurudumu kila baada ya stima kukatika kwa muda mrefu.

MamaDuka_Milimani

Mwanangu, na majirani je? Hizo mashine zina kelele. Kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira, zimekuwepo tangu 2009 na mtu akishtaki hutajitetea. Usiwashe usiku.

Wa_Dunga

Shikamoo mama, nimesikia. Nitajaza mchana tu, na ukuta wa upande wa jirani tutaujenga kwa tofali.

Wengine wote, asanteni sana. Petroli nimeiacha, fundi nimeshamwambia. Sasa bomba la kuvuta hewa niliweke wapi? Nyuma ya banda kuna jiko la makaa la mpangaji, na mbele kuna barabara ya bodaboda.

MbiziPwani

Mchana upepo wenu unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka. Kwa vile utajaza mchana, lipandishe bomba juu ya paa upande wa ziwani, mdomo ukiangalia chini mvua isiingie, na jiko la mpangaji lihamishwe au lizimwe kabisa wakati wa kujaza. Nunua kipimo cha kaboni monoksidi, upime kila mtungi kabla haujatoka. Weka wavu kwenye mdomo wa bomba pia. Wale wadudu wa ziwani wakitoka kwa makundi, karatasi ya filta ya kuingiza hewa itaziba ukiwa unaitazama.

Banda la mabati litakuwa tanuri. Toboa madirisha mapana, acha nafasi ya kutosha upande wa feni, kwa sababu hewa ikiingia kwenye filta ikiwa na joto, filta inaisha mapema sana kuliko saa zilizoandikwa kwenye kitabu. Andika saa za kazi ukutani. Valvu ya usalama ikivuja usiikaze, itoe ukabadilishe. Na uvujaji utafute kwa maji ya sabuni, kamwe usipitishe kidole: hewa ya bar 200 kwenye tundu dogo inaingia chini ya ngozi.

Halafu wakumbushe vijana kwamba jedwali za kupiga mbizi, zile za muda wa kukaa chini na namna ya kupanda, zimeandikwa kwa usawa wa bahari. Kuanzia mita 300 kwenda juu lazima zirekebishwe, na ninyi mko juu ya mita 1,100.

NesiWaZamu

Na kama unawalipa hao vijana, hapo kwako pamekuwa mahali pa kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakuhusu. Mtafute mkaguzi aliyeidhinishwa aje aone mtambo.

MbiziPwani

Kweli. Na kabla ya hayo yote angalia mitungi yenyewe. Shingoni kuna mihuri: tarehe ya kupimwa uimara kwa shinikizo la maji haipaswi kupita miaka 5, na ndani ikaguliwe kila mwaka.

Wa_Dunga

Nimetoka kuiangalia sasa hivi. Yote ina muhuri wa karibuni isipokuwa mmoja wa aluminiamu, ni wa zamani, umechongwa 6351. Nao nikaupimishe?

MbiziPwani

Huo usiujaze hata kidogo. 6351 ni namba ya aloi, yaani mchanganyiko wa metali, na aloi hiyo ina historia ya kupasuka shingoni bila dalili za nje. Toa hewa yote, ng'oa valvu, kisha mwambie fundi akate nyuzi za shingo kwa msumeno, ili asije mwingine akaukuta amefurahi akauleta kujazwa.